Shajara ya mradi: nyaya za picha kwa mashine za gemu za zamani, Mtwara

8 Machi 2025. Tunapoanzia

Chumba kipo Shangani, nyuma ya duka la dada yangu, na upepo wa bahari unaingia moja kwa moja dirishani. Mashine ni tatu: PlayStation ya kwanza ya Kijapani tuliyoachiwa na mjomba aliyekuwa baharia, PS2 nyembamba ya Ulaya, na Mega Drive 2, ya Ulaya pia, iliyokuja kwa basi kutoka Kariakoo. TV tulizonazo ni chogo, yaani TV nene ya zamani, ya inchi 21 iliyonunuliwa mpya hapa mjini zamani na flati ya inchi 32. Watoto wa mtaa huja kucheza mwisho wa wiki. Mashine zinawaka na pedi zinajibu, ila picha ina ukungu: majina ya wachezaji kwenye Winning Eleven hayasomeki, jezi nyekundu inavujia kwenye mistari myeupe ya uwanja, na spika inanguruma.

Lengo ni kuipa kila mashine picha bora kabisa inayoweza kuitoa, kwa nyaya zinazopatikana au zinazotengenezeka hapa, zikiagizwa kutoka nje pale tu inapobidi. Bajeti ni shilingi 300,000.

Kabla ya kununua chochote inafaa kuelewa waya unabeba nini. Waya wa njano, yaani kompoziti, hubeba mwanga na rangi vikiwa vimechanganywa pamoja. Katika PAL, mfumo wa rangi wa TV za Ulaya na za kwetu, rangi hupanda juu ya wimbi la megahetzi 4.43, katika NTSC, mfumo wa Japani na Marekani, la megahetzi 3.58, na TV ndiyo yenye kazi ya kuvitenganisha tena. Haiwezi kuvitenganisha vyote, na mabaki ndiyo vile vidoto vinavyotambaa pembeni mwa herufi. S-Video hupitisha mwanga na rangi kila kimoja njia yake. Komponenti ina njia tatu: mwanga na tofauti mbili za rangi. RGB ina nyekundu, kijani na buluu, kila moja peke yake, pamoja na ishara ya nne inayoiambia TV mstari uanzie wapi na picha iishie wapi. Hiyo ya nne nitaiita ishara ya kupanga.

Kwa hiyo hakuna waya wa njano, hata uwe mnene kiasi gani na wenye dhahabu kiasi gani, unaoweza kutenganisha kilichokwisha kuchanganywa ndani ya mashine. Aina ya ishara huamuliwa kwanza, ubora wa waya baadaye. Wauzaji wengi huanzia kwenye ubora, na fedha za watu huishia hapo.

Matundu tuliyonayo: chogo ina njano mbele na nyuma, na nyuma pia ina matundu ya kijani, buluu na nyekundu yaliyoandikwa DVD. Hayo ndiyo komponenti, na hayajawahi kuguswa. Flati ina HDMI na kijitundu kimoja cha milimita 3.5 kilichoandikwa AV.

15 Machi. Kisu na mita

Tumekusanya kila waya uliokuwepo chumbani na dukani, pamoja na zile za ving'amuzi vilivyokufa, tukazipasua zile zisizo na kazi ili kuona ndani.

Waya wa PS2 wa kawaida wa shilingi 5,000, ule mwembamba, ndani una nyuzi tatu za plastiki zilizolala pamoja bila ganda lolote la chuma, na waya mmoja wa ardhi unaotumiwa na zote. Picha na sauti zinasafiri zikiwa zimegusana. Kuna jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya bila kupasua kitu: weka mashine kwenye skrini nyeupe kabisa, ongeza sauti ya TV, kisha nenda kwenye skrini nyeusi. Kama mngurumo unapanda na kushuka kwa kufuata mwanga wa picha, basi picha inavujia kwenye sauti ndani ya waya. Wetu ulinguruma hivyo hivyo.

Waya mnene, wenye kichwa cha rangi ya dhahabu, ambao muuzaji aliuita orijino, ndani yake ni ule ule. Unene wote ni plastiki.

Waya wa kushangaza ulitoka kwenye king'amuzi cha zamani. Ulikuwa mwembamba na hauvutii macho, lakini kila njia ilikuwa na wavu wake wa shaba uliosukwa kuzunguka uzi wa kati. Wavu huo ndio ubora wenyewe: unazuia kelele za nje kuingia na picha kutoka, na ndio unaofanya waya uwe na omu 75 zinazotakiwa. Niseme hapa kwa sababu nimeona fundi kijana akijaribu: omu 75 za waya hazipimwi kwa mita ya fundi, ile ya kupimia umeme. Ni tabia ya waya mbele ya ishara inayokwenda kasi, na hutokana na unene wa uzi wa kati, umbali wake hadi kwenye wavu na plastiki iliyo katikati. Mita itakuonyesha chini ya omu moja, na itakuwa sahihi. Mita inafaa kutafuta uzi uliokatika, au kujua mguu upi wa kichwa, yaani pini, unaenda wapi.

Ndivyo tulivyoitumia kwenye flati. Waya wa milimita 3.5 tulionunua (3,000) ulileta picha nyeusi na nyeupe inayotetemeka pamoja na kelele. Vichwa vya milimita 3.5 vina sehemu nne, na watengenezaji hawakukubaliana ipi iwe ardhi na ipi iwe picha. Ikiwa zilizobadilishana ni picha na sauti tu, unahamisha vichwa vya rangi na kazi imekwisha. Wetu ulikuwa umebadilisha ardhi na picha, na hapo kuhamisha hakusaidii. Waya mwingine wa king'amuzi, uliopimwa kwanza kwa mita, ulikubali.

29 Machi. Waya wa dishi umegoma

Wazo lilikuwa zuri kwenye karatasi. Waya wa dishi ni omu 75, una ganda, unauzwa kwa mita karibu kila duka la umeme hapa mjini. Mita tatu na vichwa vinne, 7,000.

Ulikwama kwenye lehemu. Wavu wa waya wa dishi wa siku hizi ni wa alumini, na alumini haishiki lehemu ya kawaida: inajikunja kuwa tone na kudondoka. Tulijaribu kusugua kwa msasa, haikusaidia, maana alumini ikikutana na hewa hujifunika utando mpya papo hapo. Tena waya wenyewe ni mgumu na mzito, ukining'inia nyuma ya mashine unalivuta tundu hadi linalegea.

Nikampelekea fundi wetu wa redio pale Soko Kuu. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Huo wa dishi uachie dishi. Nenda kachukue wa kamera, lakini ukwangue kwanza uone kama shaba ni shaba." Waya wa kamera za ulinzi, RG-59, nao ni omu 75, na ni laini zaidi. Aliniagiza kukwangua kwa sababu baadhi yake ni alumini iliyopakwa shaba juu: ukikwangua kwa wembe, weupe unatokea. Duka la pili lilikuwa na wenye wavu wa shaba halisi. Mita tatu, 4,500. Lehemu ilishika mara moja.

Huu ndio sasa waya wa njano wa Mega Drive wakati tunatafuta wa kudumu. Sauti imetenganishwa na picha, na mngurumo umeisha kabisa. Vidoto vya rangi bado vipo, kama ilivyotarajiwa.

19 Aprili. Komponenti kwenye PS2

Hatua hii imebadilisha chumba kuliko zote hadi leo.

Waya wa kwanza wa komponenti ulikuja kwa basi kutoka Kariakoo, 12,000 na 3,000 ya mzigo. Tulipochomeka, rangi zilikuwa zimeharibika na picha haikutulia. Waya haukuwa na kosa. PS2 ina mpangilio unaochagua kati ya RGB na komponenti, na hii ya Ulaya ilikuwa imewekwa RGB. Kwa kuwa picha haionekani vizuri, mpangilio haubadilishiki ukiwa kwenye waya huo. Utaratibu ni huu: chomeka waya wa njano, washa mashine bila diski, ingia kwenye System Configuration, nenda Component Video Out, chagua Y Cb/Pb Cr/Pr, zima, ndipo uchomeke komponenti. Andikeni kwenye karatasi mbandike juu ya mashine.

Picha ikaja, safi kuliko tulivyowahi kuiona, lakini kila herufi ilikuwa na kivuli chepesi upande wake wa kulia. Mtoto mmoja alikiona kabla yangu: "Kaka, mpira una mwenzake!" Tulipasua kichwa na kukuta njia tatu za picha hazina wavu hata mmoja, ni nyuzi tupu ndani ya mpira mmoja.

Dawa ilipatikana karibu zaidi ya nilivyodhani. PlayStation ya kwanza, ya pili na ya tatu zina tundu la picha la umbo lile lile, kwa hiyo waya wa komponenti wa PS3 unaingia na kufanya kazi kwenye PS2. Waliokuwa na PS3 na TV za flati walihamia HDMI, na nyaya zao za komponenti zimelala kwenye makabati. Nilitangaza kwa marafiki, na mmoja wa Lindi akanitumia wa Sony wenyewe kwa 25,000. Kila njia ina wavu wake. Kivuli kimeondoka, na majina ya wachezaji yanasomeka kutoka mlangoni.

Mambo mawili ya kuangalia. Vichwa vyekundu ni viwili, kimoja cha picha na kimoja cha sauti, na watoto hawawezi kuvitofautisha. Vikibadilishana, rangi zinaharibika na spika inapiga kelele mbaya. Tumezungushia utepe mweusi kile cha sauti. La pili, diski za PlayStation ya kwanza ndani ya PS2 hutoa picha ya mistari 240 badala ya 480, na flati nyingi hazikubali mistari 240 kwenye komponenti. Tulipoijaribu kwenye flati kubwa ya jirani yenye matundu hayo, skrini ilibaki nyeusi na maandishi kwamba ishara haitambuliki. Chogo inazipokea zote bila shida. Mtu mwenye flati peke yake asinunue komponenti kwa ajili ya diski za zamani kabla hajaazima na kujaribu.

10 Mei. Chogo ya Ulaya na SCART isiyo SCART

PlayStation ya Kijapani na Mega Drive hazina komponenti, lakini zote mbili zinatoa RGB. TV zilizotengenezwa kwa soko letu kwa kawaida hazina tundu la RGB. Zilizotumika Ulaya zinalo: ni lile tundu pana la miguu 21 liitwalo SCART. Chogo za mtumba kutoka huko bado zipo, na wenye nazo wanaliona tundu hilo kila siku bila kulitumia. Tumepata ya inchi 21 kwa 70,000, ikiwa na kichwa cha SCART kilichochomekwa nyuma yake.

Tahadhari kwa watakaofuata njia hii na mashine ya Kijapani: inakula volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230 zetu unaiua. Yetu inapita kwenye transfoma ya kushusha umeme.

Kichwa kile cha SCART kina matundu matatu ya njano, nyeupe na nyekundu. Tulichomeka PlayStation humo. Picha ilikuja nyeusi na nyeupe. Tukakifungua: miguu ya 7, 11 na 15, ambayo ni buluu, kijani na nyekundu, haina kitu. Kilichounganishwa ni mguu wa 20 na sauti tu. Ni waya wa njano uliovaa kichwa kikubwa. Na weusi na weupe ulikuja kwa sababu mashine inatoa NTSC na TV hii inajua rangi za PAL pekee. Vichwa vya namna hii vinauzwa kama SCART na kwa umbo ni SCART, kwa hiyo kabla ya kulipa chungulia miguu. Pale 7, 11 na 15 zikiwa hazina vyuma, rudisha.

14 Juni. RGB

Nimepata waya wa RGB wa PlayStation uliotumika, 30,000, kupitia mtu anayeleta mizigo ya mtumba. Miguu yote ipo. Tukauchomeka: nyeusi na nyeupe tena.

Safari hii weusi na weupe ulikuwa msaada mkubwa, maana ulituambia tatizo liko wapi. RGB haihitaji kujua PAL wala NTSC, rangi zinakuja zikiwa zimetenganishwa tayari. TV ikionyesha nyeusi na nyeupe maana yake bado inasoma njia ya kompoziti, haijaambiwa ihamie RGB. Anayeiambia ni mguu wa 16, unaotaka volti kati ya 1 na 3. Mashine inatoa volti 5 kwenye mguu mmoja wa tundu lake, na rezista ndani ya kichwa cha SCART huzipunguza. Mita ilionyesha sifuri kwenye mguu wa 16. Fundi alifungua kichwa, akakuta mguu wa rezista umeliwa na kutu na kukatika. Aliweka mpya ya omu 180. Kwa kuwa ndani ya TV kuna omu 75, volti 5 zinagawanyika na mguu wa 16 unapata kama 1.5. Rangi zikajaa skrini nzima, na chumba kizima kikapiga makofi.

Bado hatukuwa tumemaliza. Kwenye anga la buluu kulikuwa na vijimraba vidogo sana, vyepesi, kama kitambaa cha drafti. Waya huu unatumia kompoziti kama ishara ya kupanga, na kompoziti inakuja na wimbi lake la rangi. Katika waya usio na wavu, wimbi hilo linavujia kwenye njia za RGB. Suluhisho ni kuchukua ishara ya kupanga kutoka kwenye mguu wa mwanga wa S-Video, ambao hauna wimbi la rangi. Shida ni kwamba kichwa cha upande wa mashine hakikuwa na chuma kwenye nafasi hiyo; watengenezaji hubana gharama kwa kuacha nafasi wazi. Tulitoa chuma kimoja kwenye kichwa cha waya wa 5,000 uliopasuliwa Machi, fundi akakipachika na kuhamishia uzi huo. Vijimraba vimeisha.

Mngurumo wa sauti tuliuondoa kwa kuikata sauti kutoka kwenye waya huu na kuipitisha pembeni, kwenye kipande cha waya wa king'amuzi chenye wavu. Rezista, lehemu na mikono ya fundi: 10,000. Kazi ya mikono yake ilistahili zaidi, lakini alikataa.

5 Julai. Mega Drive

Waya huu ndio pekee tuliouagiza kutoka Uingereza, kwa fundi mdogo anayetengeneza kwa mkono. Pamoja na posta, 110,000. Niliagiza kwa masharti matatu: kila rangi iwe na wavu wake, ishara ya kupanga iwe ile safi ambayo Mega Drive inaitoa kwenye mguu wake maalumu, na uwe wa Mega Drive 2 yenyewe. Mega Drive ya kwanza ina tundu la miguu 8, ya pili lina miguu 9 na ni dogo, haviingiliani. Na hata pale tundu linapoingiliana kwenye mashine nyingine, kama Super Nintendo ya Ulaya na ya Marekani, rezista na kapasita zinazotakiwa ndani ya waya si zile zile. Mtu asiazime waya kwa kuangalia umbo peke yake.

Ulifanya kazi siku ile ile, bila marekebisho yoyote. Kwenye kompoziti mashine hii huwa na mistari ya upinde wa mvua juu ya kila kitu, na yote imetoweka.

Lakini kuna jambo ambalo anayetaka kufuata anapaswa kulijua kabla ya kulipa. Kwenye Sonic the Hedgehog ya 1991 maporomoko ya maji yamechorwa kwa mistari ya wima, mmoja una rangi na unaofuata hauna. Waya wa njano, kwa ukungu wake, unaichanganya mistari hiyo na maji yanaonekana kama kioo, Sonic akipita nyuma yake. Kwenye RGB unaiona mistari ilivyo. Waliochora walijua wengi wataona kupitia ukungu. Watoto wamegawanyika, na dada yangu anapenda ya njano. Waya wa RG-59 umebaki nyuma ya mashine kwa ajili ya wanaotaka maji.

2 Agosti. Chumvi

Kwa Mtwara huu ndio ukurasa nitakaourudia mara kwa mara. Vichwa vyeupe vya nikeli vilivyokuwa vinang'aa Machi vimeanza kuwa na madoa, na kichwa kimoja cha komponenti kilipoteza nyekundu hadi kilipozungushwa tunduni. Hewa ya hapa ina chumvi na unyevu wakati wote.

Dhahabu ina faida yake hapa: haishiki kutu. Haiongezi ukali wa picha, na ikiwa ni utando mwembamba inakwisha kwa kuchomekwa na kuchomolewa. Hivyo kwa chumba kilicho karibu na bahari ninachagua kichwa cha dhahabu pale tu ambapo ndani kuna wavu. Muhimu zaidi ni kichwa kubana vizuri tunduni, maana chuma kinachosuguana kinajisafisha chenyewe.

Tunasafisha kwa spiriti na pamba, mashine ikiwa imezimwa, tunaacha ikauke. Nyaya za akiba zinakaa kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Spiriti, pamba na ndoo: 6,000.

Nyaya na kazi zake hadi leo, ukiongeza ule wa 5,000 uliopasuliwa, ni 215,500. Ukijumlisha na chogo ya Ulaya, jumla ni 285,500. Zimebaki 14,500, zitakwenda kwenye rezista za akiba na waya wa S-Video kwa ajili ya rafiki wa Lindi, ambaye TV yake ina tundu hilo na haina SCART. Nimemwomba aniletee picha ya nyuma ya TV kabla sijanunua.